Madevelopa wa Hanoi na sauti za mwisho

Swali: Habari zenu, napiga kazi online na madevelopa (watengeneza programu) wa Hanoi, Vietnam, programu zao safi kabisa ila kwenye mitingi ya Kiingereza maneno kama "kashi" (cache, hifadhi ya muda ya data) na "hosti" (host, kompyuta inayobeba tovuti) yanakatika mwishoni wateja hawaelewi, niwasaidieje?

Jibu: Kivietnamu hakina s wala sh mwishoni mwa silabi, na hata p, t, k za mwisho zinafungwa mdomoni bila kutoa pumzi, kwa hiyo s ya "hosti" inamezwa kabisa. Waanze na maneno ya kila siku tu, waivute ile s hata ikizidi, wajirekodi kwenye simu wasikilize. Mkazo pia, "divelopa" (developer) nguvu iko kwenye "ve", na hiyo ngumu kwao maana kila silabi yao ina toni yake, yaani sauti kupanda au kushuka. Wewe usiposikia, muombe aandike kwenye chati, usimcheke jamani.