Kupima muda wa virusi vya upumuaji kwenye kimiminika: kwa anayeanza kazi hii

Swali "virusi hivi vinaishi saa ngapi kwenye maji?" halina jibu moja, na anayeanza kazi hupoteza muda mwingi akilitafuta. Kinachopimika ni kasi ya kupungua. Halijoto isipobadilika, mara nyingi virusi hupungua kwa uwiano uleule: asilimia 90 ya vilivyokuwepo hupotea, kisha asilimia 90 ya vilivyobaki, na kuendelea. Muda wa kupoteza hiyo asilimia 90 ndio wa kuandika daftarini. Tuseme ni saa 12, na kipimo chako hakioni chini ya virusi 10 kwa mililita. Ukianza na 1,000,000 kwa mililita, utaendelea kuviona hadi saa ya 60. Mwenzako akianza na 10,000, vitampotea saa ya 36. Virusi ni vilevile, maji ni yaleyale, majibu ni mawili. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba virusi fulani "viliishi siku saba", uliza kwanza vilianza vingapi na kipimo kiliishia wapi.

Pia usipime uwezo wa kuambukiza kwa PCR. PCR huhesabu vipande vya RNA au DNA, na vipande hivyo hubaki hata baada ya kirusi chenyewe kuharibika. Sampuli iliyopashwa moto hadi ikashindwa kuambukiza chochote bado inaweza kutoa jibu chanya. Unahitaji seli hai: MDCK (seli za figo ya mbwa) kwa influenza, Vero E6 (seli za figo ya nyani) kwa SARS-CoV-2, kisha uhesabu plaki, yaani madoa ya seli zilizokufa, au utafute TCID50, kiasi cha virusi kinachoambukiza nusu ya vishimo vya seli. Kwa influenza kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Virusi hivi huhitaji tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, ili visambae kati ya seli za MDCK, na seramu (majimaji ya damu) huizuia tripsini hiyo. Ukizimua sampuli kwa midia (kimiminika cha kulishia seli) yenye seramu, au usiposuuza seli vizuri kabla ya kuweka virusi, utaona sahani safi na kudhani virusi vimekufa. Tumia albumini ya ng'ombe badala ya seramu.

Halijoto ndiyo yenye nguvu kuliko yote. Vipimo vya SARS-CoV-2 vilivyochapishwa mwaka 2020, vilivyofanywa katika kimiminika cha kusafirishia sampuli, vilionyesha kwamba kwenye nyuzijoto 4 upungufu haukufika hata asilimia 90 baada ya siku 14. Kwenye nyuzijoto 37 virusi havikuonekana tena siku ya pili, kwenye 56 baada ya nusu saa, na kwenye 70 baada ya dakika 5. Kwa hiyo pima halijoto ndani ya tyubu, usiamini namba iliyo kwenye mlango wa inkubeta.

Tindikali inahitaji uangalifu zaidi. Wengi hudhani kwamba virusi visivyo na utando wa mafuta havitishwi nayo. Adenovirusi huivumilia kweli, lakini rinovirusi, nazo hazina utando huo, huharibika haraka. Influenza, ikifika karibu na pH 5, protini yake ya kushikia seli hubadilika umbo na haifanyi kazi tena. Angalia pia bafa yako, yaani kinachozuia pH isibadilike: midia inayotegemea bikaboneti ikikaa nje ya inkubeta ya CO2 hupanda pH yenyewe, na rangi nyekundu hugeuka kuwa ya zambarau. Weka bafa ya HEPES milimola 25 kwa lita, na upime pH mwanzo na mwisho.

Sasa utaratibu. Pasha kimiminika kifike halijoto ya jaribio kabla ya kuweka virusi. Kisha weka mikrolita 10 za akiba ya virusi ndani ya mikrolita 990, uchanganye taratibu. Usiweke mikrolita 100 ndani ya 900. Akiba hiyo imejaa protini na chumvi za midia yake, na hapo utakuwa unapima maji yaliyochanganywa na mchuzi, si maji. Andaa tyubu tatu kwa kila wakati wa kupima, kila moja yake, kuliko kufungua tyubu moja mara kwa mara ikapoa na kukauka. Ongeza tyubu za ulinganisho: akiba ileile katika midia ya kawaida, halijoto ileile.

Dakika sifuri lazima ipimwe kweli. Usiikokotoe kutoka kwenye akiba. Baadhi ya virusi hunata kwenye ukuta wa plastiki mara tu vinapoingia, hasa kwenye maji yasiyo na protini, na usipolijua hilo utaandika kwamba vimekufa. Kama huwezi kupima siku hiyohiyo, gandisha zote kwa nyuzijoto -80 mara moja tu, ikiwemo ya dakika sifuri. Nyuzijoto -20 haifai, na RSV, kirusi kingine cha upumuaji, hupoteza nguvu nyingi kwa kugandishwa na kuyeyushwa.

Ukiwa unajaribu klorini, pima klorini huru, ile ambayo bado haijatumika, mwanzo na mwisho. Kiasi ulichomimina hakisemi mengi, kwa sababu makamasi na protini huila kabla haijavifikia virusi. Isimamishe kwa sodiamu thiosalfeti kwenye sekunde uliyopanga, la sivyo itaendelea kuua hata ndani ya sahani. Hakikisha pia kwamba thiosalfeti hiyo haidhuru seli wala virusi.

Usiandike sifuri. Ukiweka mililita 0.1 kwenye kila kimoja cha vishimo viwili vya sahani ya seli, umeangalia mililita 0.2, kwa hiyo plaki moja ni sawa na virusi 5 kwa mililita. Usipoona kitu, andika "chini ya 5". Kama sampuli isiyozimuliwa inaua seli, na unaanzia 1:10, kikomo kinapanda hadi 50.

Mstari wa grafu ukishuka kisha ukalala, shuku mafungu: virusi vilivyogandamana hukinga vya ndani. Zungusha akiba kwenye sentrifuji kwa kasi ndogo na uchukue sehemu ya juu.

Kukuza SARS-CoV-2 ni kazi ya maabara ya BSL-3, yaani ya kiwango cha tatu cha usalama wa kibiolojia. Kwa mazoezi, faji Phi6 (kirusi cha bakteria) inatosha: ina utando wa mafuta, haiambukizi watu, na plaki zake huonekana kesho yake.

Matokeo ya mililita moja usiyahamishie kwenye tone la kikohozi. Tone dogo hukauka, chumvi na protini zake hukolea, na mazingira ya kirusi hubadilika kwa dakika chache. Ukitaka jibu la tone, dondosha mikrolita 1, rekodi unyevunyevu wa hewa, na upime kabla na baada ya kukauka.