Likizo ya Bongo tamu, kurudi Houston ndo kazi: ushauri kwa mliofika juzi

Wadogo zangu mliofika Houston mwaka huu, naona kila mmoja anaulizia tiketi za Desemba na maswali yote ni ya kwenda. Bei gani, nipitie wapi, zawadi nibebe nini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu kurudi. Mimi nimesoma huku nafanya kazi, nimepiga shifti za usiku kwenye nyumba za wazee miaka sasa, na watu ninaowaona wanaharibikiwa Januari mara nyingi sio kwa sababu ya masomo wala kazi yenyewe, ni kwa sababu walirudi vibaya. Amefika Jumapili usiku, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi yuko kazini macho mekundu, hana hela, begi halijafika, na supavaiza anamwangalia tu.

Kwa hiyo anza na mwisho. Chukua tarehe ya kwanza ya darasa au shifti, halafu hesabu kurudi nyuma. Na usihesabu saa za ndege peke yake, hesabu kuanzia mlango wa kwa mama mpaka mlango wa apatimenti yako. Mfano kwetu Iringa, basi mpaka Dar ni siku nzima, Dar mpaka Doha karibu saa sita, Doha mpaka Houston kama saa 16 hivi, na katikati unakaa pale uwanjani kusubiri. Jumatano asubuhi unatoka Iringa, Alhamisi unapaa, Ijumaa ndo unatua Houston, na hapo hakuna kilichoharibika. Kama kazi ni Jumatatu basi umebaki na Jumamosi na Jumapili za kulala, kufua na kununua chakula. Hizo siku mbili usimpe mtu, hata kama tiketi ya kufika Jumapili ni nafuu kwa dola mia, maana hiyo mia utailipa kwa njia nyingine.

Sasa hela, hapa nitakaa kidogo. Wengi wetu tunalipwa kila wiki mbili na malipo yanakuja nyuma ya kazi, unacholipwa leo ni cha wiki zilizopita. Ukikaa Bongo wiki nne bila likizo ya malipo maana yake mshahara wa kwanza ukirudi unaweza kuwa sifuri au vihela vya mafuta tu, wakati kodi ya nyumba na bima ya gari haziulizi ulikuwa wapi. Ukienda Desemba, kodi ya Januari iwe imeshalipwa kabla hujapanda ndege, na ya Februari angalau nusu yake iwe imekaa pembeni. Na hiyo pembeni iwe pembeni kweli, akaunti nyingine ambayo kadi yake umeiacha Houston na apu yake haipo kwenye simu. Nawaambia hivi kwa sababu wiki ya mwisho nyumbani ndo wiki ya maombi, na maombi yenyewe ni ya kweli sio ya uongo, shule zinafungua Januari, kuna ada, kuna yunifomu, kuna bati la jikoni kwa bibi limetoboka, na wewe umekaa pale unakula pilau ya watu. Kama hela ipo kwenye simu utaitoa tu. Afadhali tangu siku ya kwanza uwe na fungu la kugawa, ligawe mapema ukiwa na amani, na likiisha useme limeisha na isiwe uongo.

Makaratasi. Wenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, I-20 (ile fomu unayopewa na chuo) ina sehemu ya sahihi ya kusafiria ukurasa wa pili, ile sahihi kwa mwanafunzi anayeendelea inadumu mwaka mmoja, na walio kwenye OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako baada ya kuhitimu, wanashauriwa isizidi miezi sita. Isainiwe kabla hujaondoka, sio unatuma imeili ofisini tarehe 27 Desemba wakati chuo kimefungwa na wenyewe wamekwenda kwao. Halafu angalia viza iliyobandikwa kwenye pasipoti. Ukiwa ndani ya Marekani viza ikiisha unaweza kuendelea kusoma vizuri kabisa kwa I-20 yako, ila ukishatoka nje huwezi kurudi mpaka upate nyingine, na kupata nyingine kunategemea miadi ya ubalozi na sheria za siku hiyo. Sheria za viza kwa sisi Waafrika zinaweza kubadilika kwa tangazo moja la Ikulu yao, kwa hiyo swali la "nikitoka nitarudi?" liulizwe ofisi ya wanafunzi wa kigeni au mwanasheria, tena kabla ya kununua tiketi. Usimuulize binamu ambaye alisafiri 2019.

Wenye grin kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, mna nafasi zaidi ila msijisahau, ukikaa nje zaidi ya miezi sita tegemea maswali, na ukitaka kukaa mwaka au zaidi unaomba kibali cha kurudi kabla hujaondoka. Na ndugu zangu Wakongo mlioingia kama wakimbizi, hati ya kusafiria ya mkimbizi inawatoa na kuwarudisha, lakini kwenda nayo kwenye nchi ile ile mliyoikimbia kunaweza kuwaletea matatizo makubwa ya hadhi yenu, ongeeni na mwanasheria kwanza.

Mizigo. Begi la kwenda linajaa zawadi, la kurudi linajaa kila kitu, na tatizo kubwa sio kilo, ni mizigo ya watu. Siku mbili kabla ya kuondoka atakuja mama mmoja jirani, mtu mzima, umemwamkia shikamoo tangu unasoma chekechea, kashika mfuko umeshonwa vizuri kabisa, "mwanangu nipelekee tu kwa kaka yako yuko Dallas." Huwezi kumwambia hapana kavu kavu na kusema kweli hata haipendezi. Ila huwezi pia kupanda ndege na kitu ambacho hujakiona ndani, maana kwenye uwanja swali ni moja tu, begi hili umepaki mwenyewe? na jibu la "nilipewa na mama fulani" halimsaidii mtu yeyote duniani. Fanya hivi, mkaribishe ndani, chai, halafu sema, "mama kule uwanjani wanafungua kila kitu wanakimwaga, ngoja tukifungue hapa tukipange pamoja kisivunjike." Mwenye nia safi atafungua huku anakusimulia kila kitu amekitoa wapi. Akianza kugoma, basi mzigo umejikataa wenyewe, wala wewe hujamkatalia mtu. Na hii iwe kwa wote, hata shangazi, maana ukichagua nani wa kufunguliwa na nani asifunguliwe ndo unapowaudhi watu.

Vyakula sasa. Nyama acha, yaani acha kabisa, iwe ya kukausha, iwe sambusa, iwe mishkaki mama kaifunga kwenye foili. Maembe na matunda mabichi pia acha. Dagaa wakavu, chai, viungo, asali, vitu kama hivyo kwa kawaida vinapita lakini unavitaja. Hapo kwenye kutaja ndo watu wanakosea, anaogopa kuandika kwamba ana chakula akidhani atanyang'anywa, wakati ukitaja kitu kisichoruhusiwa wanakichukua tu mnaagana, usipotaja wakakikuta faini inaweza kufika dola 1,000. Dola elfu moja kwa ajili ya sambusa! Sema ndiyo nina chakula, fungua, onyesha, ondoka.

Unga wa lishe na unga wa ulezi weka kwenye begi kubwa linalokwenda chini. Kwenye ndege za kuingia Marekani vitu vya unga vinavyozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi vinaweza kusimamishwa kwa ukaguzi wa ziada, na wasiporidhika havipandi. Asali ni kimiminika, nayo chini, ndani ya nguo, kwenye chupa mbili za plastiki na sio chupa ya kioo. Pawabenki ni kinyume chake, lazima ukae nayo juu, ukiisahau kwenye begi kubwa wanakuita ufungue mzigo wote mbele za watu. Begi la mkononi liwe na makaratasi yote, dawa, chaja, koti (utatoka kwenye joto la Dar na Januari Houston inaweza kukugeuka) na sare moja ya kazi iliyofuliwa. Hiyo sare ndo watu wanacheka nikiwaambia. Begi likichelewa siku tatu utanikumbuka.

Kutoka mkoani, nenda Dar siku moja kabla. Sitaki kusikia hesabu za "basi linafika saa kumi na ndege ni saa mbili usiku." Lori likikwama mlima Kitonga mnaweza kukaa hapo mpaka jua lizame, mvua za Januari zipo, Mikumi lazima basi lipunguze mwendo kwa ajili ya wanyama, na ukishashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi bado una foleni ya mpaka Terminal 3 ya uwanja wa ndege. Wa Dodoma na Morogoro siku hizi mna treni ya SGR, mna raha, ila Januari wanafunzi wanarudi shule na siti zinakwisha, kata mapema. Na kuaga, aga usiku wa kabla. Ukisema utaaga asubuhi, wazee watataka dua na maneno mawili matatu, mjomba naye ana neno lake, na basi la alfajiri halisubiri neno la mjomba.

Tiketi nayo, nunua safari nzima kwenye tiketi moja. Wapo wanaounga, moja ya kufika New York na nyingine ya bei chee ya kwenda Houston, ya kwanza ikichelewa ya pili imekufa na hakuna wa kumlilia. Wanaopita Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam wanaweza kupata ndege inayoshuka moja kwa moja Houston. Wanaopita Addis Ababa wengi wanaingilia Washington au Newark, na msishangae ndege kutua njiani kuongeza mafuta, ule uwanja wa Addis uko juu zaidi ya mita 2,300 na hewa ni nyepesi, ndege haiwezi kunyanyuka na mafuta yote ya kuvuka bahari. Ukiingilia mji mwingine lazima uchukue mabegi yako pale pale, upite forodha, uyarudishe tena kwenye mkanda, hata kama Dar walikwambia "yanafika mpaka mwisho." Acha angalau saa tatu katikati. Na begi lisipotokea usitoke ule ukumbi bila kuandikisha ripoti na kupewa namba ya faili. Begi lililoharibika lina siku saba za kulalamika kwa maandishi, lililochelewa siku 21 tangu ulipolipokea. Tunza risiti za mswaki na nguo za ndani ulizonunua, unaweza kuzidai.

Kwa afisa wa uhamiaji jibu kifupi. Unasoma wapi, unasoma nini, ulikwenda kufanya nini. Akikupeleka chumba cha pembeni kaa, sio lazima iwe balaa, saa ingine wanahakikisha tu taarifa, ila ndo maana nikasema saa tatu.

Mwili utakusumbua, na utakusumbua kwa saa maalum. Januari Houston iko nyuma ya Tanzania kwa saa tisa. Saa tisa alasiri ya Houston mwili wako unajua ni saa sita usiku, na saa nane usiku unaamka kama jogoo maana nyumbani ni saa tano asubuhi, watu wanakunywa chai ya pili. Sasa angalia, saa ya hatari sio usiku, ni ule mchana kuanzia saa nane mpaka jioni, na hapo ndo wengi wanatoka shifti wanaingia barabara kuu ya I-10 kuendesha maili ishirini. Siku tatu nne za kwanza omba lifti, panda basi, au lala nusu saa kwenye gari kabla hujawasha. Jioni toka nje utembee kwenye mwanga, jikaze mpaka saa tatu usiku ndo ulale. Wapo wanaosema kwa kuwa usiku nipo macho basi nichukue shifti za usiku ovataimu wiki ya kwanza, mimi siungi mkono, usiku utaumudu ila mchana wake hutalala vizuri na siku ya tatu unachanganya dawa za wagonjwa.

La mwisho ni homa. Ukikaa huku miaka kinga yako ya malaria inapungua, wewe sio yule uliyekuwa unaumwa siku mbili unameza mseto unarudi kucheza mpira. Kama daktari amekuandikia doxycycline ya kuzuia, unaendelea nayo wiki nne baada ya kutoka Tanzania, watu wanaitupa siku wanayopanda ndege. Na ukipata homa ndani ya wiki au hata miezi baada ya kurudi, usikae ndani na panadoli ukisema ni mafua ya Houston. Marekani inapata wagonjwa wa malaria kama 2,000 kwa mwaka, karibu wote waliotoka safari, kwa hiyo daktari wa kawaida anaweza asiwahi kumwona mmoja na hatawaza hilo mwenyewe. Nenda imejensi, na sentensi ya kwanza kabla hata ya jina lako iwe kwamba umetoka Tanzania tarehe fulani na unaomba upimwe malaria leo hii, sio kesho. Kama kazini hawajakupa bima bado, nenda hivyo hivyo, bili mtaongea baadaye, hospitali nyingi zina fomu ya kuomba msaada wa malipo na ukiiomba hiyo fomu wanakupa.