Bajaji haihitaji kutambulishwa

SWALI: Kwenye sherehe ya kufunga mwaka ofisini kwetu kulikuwa na chemsha bongo. Swali moja lilikuwa: "Neno bajaji limetoka lugha gani?" Nikaandika kwamba ni jina la kampuni. Karatasi ya majibu ilisema Kihindi, nikanyimwa alama. Nani yuko sahihi? Na katika maandishi tuandike Bajaj au bajaji? Je, wingi wake ni mabajaji? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Alama yako urudishiwe, ndugu yangu. Aliyetunga swali hilo alijua nusu ya habari.

Bajaj ni jina la ukoo. Jamnalal Bajaj, mfanyabiashara aliyezaliwa Rajasthan mwaka 1889 na aliyekuwa mtu wa karibu sana wa Gandhi, alianzisha kundi la kampuni za ukoo huo mwaka 1926. Kampuni ya vyombo vya moto ilifuata mwaka 1945, yeye akiwa ameshafariki. Ilianza kwa kuuza vyombo vilivyoagizwa nje, baadaye ikaunda skuta za Vespa kwa leseni ya Piaggio ya Italia. Piaggio hao walitoa Vespa mwaka 1946, na kwa Kiitaliano neno hilo ni nyigu. Mwaka 1948 wakatoa kigari cha magurudumu matatu wakakiita Ape, yaani nyuki. Huyo nyuki ndiye bibi wa bajaji zetu.

Sasa nenda Delhi au Mumbai ukatafute bajaji. Huko chombo hicho wanakiita auto, au rickshaw. Jina la mtengenezaji limegeuka jina la chombo mbali na kwao: Jakarta wanakiita bajaj, Addis Ababa wanakiita bajaj, na sisi Tanzania tukaongeza irabu mwishoni kama tunavyofanya kwa kila mgeni anayehamia kwetu. Kenya walifuata mlio wakasema tuktuk, njia ileile iliyotupa pikipiki. Kwa hiyo ukoo ni wa India, lakini bajaji kwa maana ya kile chombo ni Kiswahili kitupu. Kama karatasi ya majibu ilitaka lugha, ingeandika Kiswahili.

Kuhusu maandishi: bajaji, herufi ndogo, na irabu yake mwishoni. Usiandike Bajaj isipokuwa unaitaja kampuni. Ushahidi uko gereji yoyote. Fundi anamuuliza dereva, "Bajaji yako ni TVS au Bajaj yenyewe?" Dereva anajibu, "TVS," na fundi anakwenda kutafuta vipuri. TVS ni kampuni nyingine kabisa ya India, mshindani wa Bajaj, na bado chombo chake ni bajaji. Tazama na upande wa pili. Pikipiki za Boxer zilizojaa vijiweni zinaundwa na kampuni ya Bajaj, lakini umewahi kumsikia mtu aliyeshuka kwenye Boxer akisema amekuja na bajaji? Chombo cha TVS ni bajaji, chombo cha Bajaj chenye magurudumu mawili si bajaji. Neno limeshamwacha mwenye jina. Ndivyo ilivyokuwa kwa kiwi ya viatu, ambayo ilianzia Melbourne mwaka 1906 kama jina la biashara, na leo mng'arisha viatu anakwambia kiwi imekwisha huku kopo alilonalo ni la kampuni nyingine.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu swali lako limegusa jambo linaloniudhi kila ninapofungua gazeti. Tuna neno fupi, safi, linalojulikana na mtoto wa chekechea, na waandishi wetu wa habari wanaliogopa. Hawathubutu kuandika bajaji peke yake. Lazima ianze "pikipiki ya magurudumu matatu", kisha ndiyo lije lile rungu lao: "maarufu kama".

Soma sentensi hii. Nimeiunda mwenyewe, lakini nduguze utawakuta katika habari yoyote ya ajali:

"Watu wawili wamejeruhiwa baada ya pikipiki ya magurudumu matatu maarufu kama bajaji kugongana na pikipiki ya magurudumu mawili aina ya Boxer maarufu kama bodaboda."

Maneno ishirini na manne. Majeruhi wametajwa kwa maneno matatu, mengine karibu yote ni maelezo ya vyombo. Nani alikuwa anaelezwa? Msomaji wa Mbagala aliyefika kazini asubuhi kwa bajaji na atarudi jioni kwa bodaboda? Na hiyo "pikipiki ya magurudumu mawili" ni ya kuitofautisha na pikipiki ipi? Pikipiki ina magurudumu mawili, ndiyo maana ni pikipiki. Mwandishi alipokubali kuiita bajaji pikipiki, ikambidi ahesabu magurudumu ya pikipiki halisi ili asijichanganye. Kosa moja limezaa la pili ndani ya sentensi ileile.

Iandike hivi: "Watu wawili wamejeruhiwa baada ya bajaji kugongana na bodaboda." Maneno tisa, na hakuna kilichopotea. Katika nafasi iliyobaki mwandishi angetueleza ajali ilitokea mtaa gani na majeruhi wamelazwa wapi, mambo ambayo mama aliye nyumbani anayasaka katika habari hiyo kwa moyo unaodunda.

Tena "maarufu kama" lenyewe ni bovu. Maarufu tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kitu kinachojulikana. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye hiyo "kama". Katika Kiswahili, sifa ikifuatwa na kama, tunalinganisha: mrefu kama mnazi. Nikikwambia "Hassani ni maarufu kama Samatta," utaelewa kwamba Hassani ana jina kubwa sawa na la Mbwana Samatta. Hutaelewa hata kidogo kwamba Hassani ndiye Samatta. Basi "pikipiki maarufu kama bajaji" kwa haki yake ni pikipiki iliyosifika sawasawa na bajaji. Hivyo ndivyo sentensi inavyosema, na mwandishi hajui kwamba ameisema. Amechukua mpangilio wa Kiingereza akauvisha maneno ya Kiswahili, wakati tuna "iitwayo", tuna "kwa jina la", tuna "mashuhuri kwa jina la".

Wenzangu wa vyumba vya habari hunijibu kwamba wanamfikiria msomaji wa mbali. Sawa. Mkenya wa Kisumu huenda akahitaji kuambiwa kwamba bajaji ni tuktuk, na Mswahili aliyekulia Muscat huenda hajawahi kuipanda. Kwa hao andika mara moja tu, "bajaji, ambayo Kenya huitwa tuktuk", kisha endelea na habari yako. Hapo umemfafanulia asiyejua kwa neno analolijua. Wao wanafanya kinyume: wanachukua neno linalojulikana na wote na kulitanguliza kwa maelezo ambayo hayajulikani na yeyote. Hakuna abiria duniani aliyewahi kusimama barabarani akaita, "Pikipiki ya magurudumu matatu, simama!"

Wako wanaosema hiyo ndiyo lugha ya polisi na ya leseni. Ni kweli, na huko ina kazi yake. Hati ya bima lazima itaje chombo kwa namna ambayo wakili hataipindua mahakamani, na afisa wa polisi anayeandika maelezo ya tukio anafungwa na sheria. Mwandishi wa habari hafungwi na lolote kati ya hayo. Kazi yake ni kuichukua ripoti ya kamanda na kuirudisha katika Kiswahili cha watu. Akiinakili ilivyo, na "aina ya" zake zote, tumebaki na kamanda peke yake.

Hiyo "aina ya" nimeichoka lakini siipigi vita kila mahali. "Gari aina ya Toyota" imeshazoeleka, na ingawa "Toyota" tu ingetosha, niko tayari kuiacha ipite. Samaki aina ya sato ni haki kabisa, maana sato ni aina mojawapo ya samaki. Lakini nikisoma "gari aina ya basi la abiria", hapo sivumilii. Basi ni basi.

Mahali ambapo mtindo huu wa kutaja majina mawili unafaa ni kwa watu wenye majina ya sanaa. Ukiandika Naseeb Abdul peke yake, wengi watauliza ni nani. Ukiongeza Diamond Platnumz, kila mtu anatikisa kichwa. Jina la pili limelifungulia mlango la kwanza. Hata hapo ningependa "ajulikanaye kwa jina la Diamond Platnumz", ili asije akalinganishwa na nafsi yake.

Nirudi kwenye wingi. Bajaji, kama pikipiki na baiskeli, inakaa katika ngeli ya I-ZI: bajaji imeharibika, bajaji zimeharibika. Mabajaji nalisikia mitaani, hasa mtu akilalamikia wingi wake njiani: "Mabajaji yamejaa hapa, hata pa kupita hakuna." Hiyo ma- ina hasira ndani yake na mzungumzaji ameichagua kwa makusudi. Mtu akiwa na hasira siwezi kumsahihisha. Katika barua ya ofisi, andika bajaji.

Na ukisikia "bajaji wamegoma", usishtuke. Hao ni madereva, si vyombo. Bodaboda lilitangulia katika njia hiyo: lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, likashika chombo, kisha likamshika na mwendeshaji wake. Leo tunasema "bodaboda imeharibika" na "bodaboda amechelewa", na kila mtu anajua kipi ni chuma na nani ni mtu. Bajaji nayo imeanza safari hiyohiyo. Mimi bado naandika "madereva wa bajaji wamegoma", na kwa gazeti nashauri hivyo, lakini dereva mwenyewe akisema "sisi bajaji wa hapa stendi", amesema sawa.