Kwa nini helmeti ya Steelers ina nembo upande mmoja tu

Kaka, ukiona helmeti ya Steelers haina nembo upande wa kushoto, hawajasahau kubandika, wala sio picha iliyogeuzwa. Pittsburgh Steelers, timu ya mpira wa Kimarekani kwenye ligi ya NFL, wanaweka nembo kulia tu tangu 1962, na chanzo chake kinachekesha kidogo, ile nembo ilikuwa ya viwanda vya chuma vya Marekani wakaipata kwa kampuni ya Republic Steel, sasa helmeti zao enzi hizo zilikuwa za rangi ya dhahabu, hawakuwa na uhakika itapendeza, ndo wakamwambia mtunza vifaa Jack Hart abandike upande mmoja kwanza wacheki. Msimu ukawanyookea, wakashinda mechi 9, watu wakawa wanauliza uliza kuhusu ule upande mtupu, basi wakauacha hivyo hivyo mpaka leo. Helmeti nyeusi ilikuja baadae kidogo, na neno “Steel” kwenye nembo likaongezewa herufi likawa “Steelers”.

Vile vinyota vitatu vya kwenye nembo ukivikuza kwenye simu: njano ni makaa ya mawe, kile chungwa kilichokolea kama chekundu ni mawe ya chuma, bluu ni chuma chakavu. Nyeusi na dhahabu zenyewe ni rangi za mji wa Pittsburgh. Mi jezi za timu zingine za NFL hata sizijali sana, ila hii helmeti acha tu.