Mzee anaitikia kila kitu: je, ameridhia?

SWALI: Ninakusanya takwimu za utafiti wa kumbukumbu kwa wazee wa Machame. Babu mmoja aliitikia "ndiyo" kila nilipomsomea fomu ya ridhaa, kisha akaniuliza dawa zake ziko wapi. Mwanawe akasema, "Wewe endelea, mimi nitamsainia." Nifanyeje?
Mkusanya takwimu, Moshi

JIBU: Usiendelee bado. Babu ameshakujibu kwa hilo swali la dawa: anadhani umekuja kumtibu. Ile "ndiyo" ni adabu ya kumpokea mgeni.

Alama ndogo kwenye kipimo cha kumbukumbu hazitoshi kusema hawezi kuamua. Uwezo huangaliwa kwa jambo lenyewe. Mtu anaweza kuamua vizuri kuhusu mahojiano mafupi lakini akashindwa kupima hatari za kutolewa maji ya uti wa mgongo.

Rudi asubuhi akiwa amekunywa chai, redio imezimwa, miwani iko usoni, nawe umekaa upande wa sikio linalosikia. Kama Kimachame ndicho anachokimudu, tafuta mkalimani asiye wa familia. Soma sentensi mbili tatu, simama, umwombe aeleze kwa maneno yake. "Umeelewa babu?" haikusaidii kitu. Uliza hivi: "Nimekuja kufanya nini hapa?" "Tukimaliza, nitakupa dawa?" "Ukichoka katikati, utafanyaje?" "Ukikataa, kliniki watakunyima huduma?" Andika majibu kama alivyoyasema. Palipokosewa, eleza upya na uulize tena. Wengi hushika mara ya pili. Anatakiwa kushika maelezo kwa muda wa kutosha kuamua. Akisahau kesho yake, ridhaa haifutiki kwa hilo tu, ila kila ziara mweleze na umwombe tena.

Akishindwa hata baada ya hapo, mwana anaweza kusaini ikiwa tu itifaki (mpango rasmi wa utafiti) iliyopitishwa na kamati ya maadili inaruhusu mwakilishi, na yeye ndiye anayetajwa humo. Mwulize, "Baba angekuwa na akili zake za zamani, angekubali?" Anayotaka yeye mwana ni habari nyingine. Na asaini sehemu ya mwakilishi kwa jina lake mwenyewe. Akiandika jina la baba kwenye mstari wa baba, hiyo ni kughushi.

Saini ya mwana haimfungi babu. Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, linataka mhusika mwenyewe aombwe kukubali kwa kadiri anavyoweza, na kukataa kwake kuheshimiwe. Kukataa si lazima kuwe kwa maneno: akivuta mkono, akigeuza uso, au akiinuka kwenda kwa mbuzi wake kila unapofungua daftari, acha.

Asiyejua kusoma na kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi anayejua kusoma, asiye wa timu yenu, aliyesikiliza tangu mwanzo. Hapa ndipo fomu nyingi huharibika: jirani huitwa mwishoni, asaini kitu ambacho hakukisikia.

Kama uliendelea naye siku ile, mwarifu mtafiti mkuu leo kwa maandishi, fomu usiichane. Na ukikuta babu aliyekuwa timamu juzi leo amechanganyikiwa ghafla, weka utafiti kando na uwaambie wampeleke hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi huwa ni maambukizi, au dawa zimemzidi.