Kabla ya kuota mota ya molekuli, ijue shaba

Wiki hii msomaji mmoja anayemaliza shahada ya kwanza ya kemia ameniuliza aanze kujenga mota ipi ya molekuli, yaani molekuli ambayo sehemu zake huzunguka kwa kutumia nishati. Namjibu hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mna kiu hiyohiyo. Mdogo wangu, mota iache kwanza. Anza na pete mbili zilizopitana kama za mnyororo, na uzifunge kwa msaada wa shaba.

Ndivyo alivyofanya Jean-Pierre Sauvage pale Strasbourg mwaka 1983, akiwa na Christiane Dietrich-Buchecker, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye Nobel ya kemia ya 2016 pamoja na Fraser Stoddart na Ben Feringa. Sauvage hakuwa akitafuta pete. Alikuwa akichunguza jinsi misombo ya shaba inavyopokea mwanga, akagundua kwamba umbo la misombo hiyo linafaa kufuma. Mwaka 1960 Edel Wasserman alikuwa ametegemea uzi upenye pete kwa bahati tu, na mavuno, yaani sehemu ya malighafi iliyogeuka kuwa zao lililotakiwa, hayakufika hata asilimia 1.

Shaba yenye chaji moja chanya hupenda kushikwa na naitrojeni nne, zilizokaa kwenye ncha za piramidi ya nyuso nne. Fenantrolini, molekuli bapa yenye naitrojeni mbili, hutoa mbili, kwa hiyo fenantrolini mbili hukutana juu ya shaba zikiwa zimekingamana. Kwenye nafasi ya 2 na ya 9 ya fenantrolini, pembeni mwa naitrojeni zake, weka fenoli, yaani pete ya benzini yenye oksijeni na haidrojeni. Fenoli hizo zitashika mnyororo wa kufungia pete, na unene wake huzuia shaba isilale bapa na kuoksidika.

Tumia pete iliyokwisha kufungwa, shaba na uzi (fenantrolini ile yenye fenoli, ambayo bado haijafungwa kuwa pete) kwa uwiano wa moja kwa moja kwa moja, ndani ya argoni, gesi isiyooksidisha shaba. Tanguliza pete na shaba, kisha tia uzi. Pete mbili haziwezi kupenyana zikiwa zimefungwa, lakini nyuzi mbili zinaweza kuinyakua shaba moja, na ukikosea kupima zitafanya hivyo. Rangi hugeuka nyekundu iliyokolea papo hapo. Ukiona ubuluu au ukijani, shaba yako imeoksidika. Mwaga, anza upya.

Kufunga ndiko kunakowashinda wengi. Uzi hufungwa kwa mnyororo wa oksijeni na kaboni wenye iodini kila ncha, pamoja na sesiamu kabonati kama besi, ndani ya kiyeyushi cha dimethilifomamidi chenye joto la nyuzi 60. Myeyusho uwe mwepesi sana na mnyororo uingie polepole. Ukiharakisha, ncha ya pili hushika molekuli ya jirani na unabaki na gundi ya polima. Sauvage na mwenzake walipata asilimia 42. Walipofunga pete zote mbili kwa mkupuo walipata 27, maana hapo vifungo vya kutengeneza ni vinne badala ya viwili.

Shaba huondolewa kwa potasiamu sianidi. Fanya hivyo ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa na mwenzako, na asidi isikaribie kabisa: gesi inayotoka huua.

Fundo, yaani molekuli moja iliyojifunga kama kamba, ni hatua inayofuata, na ndilo somo ninalotaka ulishike. Mwaka 1989 fundo la kwanza la mapindo matatu lilitoa asilimia 3. Katika kila uzi fenantrolini mbili ziliunganishwa kwa kaboni nne, kiungo kilicholegea, hivyo nyuzi zililala sambamba badala ya kusokotana juu ya shaba mbili, na zikifungwa hivyo hutoa pete mbili, si fundo. Kiungo kilipobadilishwa kuwa pete ya benzini iliyoshikwa nafasi ya 1 na ya 3, mavuno yalipanda hadi 29. Ncha zilipofungwa kwa kichocheo cha rutheniamu, yalifika 74. Wazo lilikuwa lilelile. Aliyetafuta chanzo cha kila asilimia iliyopotea ndiye aliyefika, na wewe kaa na swali hilo miaka hata kama wenzako wanachapisha haraka.

Usijidanganye kuhusu uthibitisho. Shaba ikiwa bado ndani, fundo na pete mbili zilizolala sambamba zina uzito uleule. Toa shaba: pete hutengana na kila moja inabaki na nusu ya uzito, fundo linabaki zima. Kisha ongeza kitendanishi chenye upande mmoja wa kulia au kushoto. Alama za NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha mazingira ya atomu) za fundo zitagawanyika mara mbili, kwa sababu fundo nalo lina la kulia na la kushoto. Fuwele iliyochunguzwa kwa eksirei ndiyo hukata kesi.

Baada ya hapo, rudi kwenye zile pete mbili zilizopitana: weka kwenye pete moja fenantrolini na, upande wa pili, teripiridini, molekuli yenye naitrojeni tatu, kama katika kazi ya Sauvage ya 1994. Ondoa elektroni moja kwenye shaba: shaba sasa inataka naitrojeni tano, na pete inageuka kuifuata. Rudisha elektroni na pete hurudi kwa sekunde. Safari ya kwenda huchukua saa nyingi, kwa hiyo acha chupa mezani na utazame kijani kilichokolea kikififia kidogo kidogo.