Intaneti kugandaganda usiku si lazima kampuni inaibana YouTube

Unasema intaneti ikiganda usiku, basi kampuni inaibana YouTube makusudi? Si lazima iwe hivyo, kaka. TEAMS na SEACOM, zile nyaya za intaneti za chini ya bahari, zimetia nanga hapa hapa Mombasa tangu 2009, lakini foleni haiko baharini, iko mtaani kwenu. Faiba ya nyumbani mnagawana na majirani, na ikifika saa tatu usiku Bamburi nzima iko kwenye video.

Pima mwenyewe: kila kitu kikizorota pamoja, huo ni msongamano. YouTube peke yake ikikwama, washa VPN (programu inayoificha kampuni usijulikane unatazama nini). Ikiteleza ghafla, hapo shuku kuna mkono wa mtu. Hilo si ushirikina, Comcast, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilinaswa 2007 ikikata kimyakimya miunganisho ya BitTorrent, njia ya watu kupeana mafaili mtandaoni.

Na usichanganye na kile kipengele cha "matumizi ya haki" kwenye mkataba (nani husoma?). Ukipita kiwango, kasi hushushwa kwa kila kitu, mchana na usiku, hadi kifurushi kianze upya. Hiyo ulitia sahihi mwenyewe. Ila kabla ya yote pima kasi kwa kompyuta iliyochomekwa waya kwenye ruta, maana waifai ya chumba cha nyuma, na kuta zetu hizi nene za matumbawe, haithibitishi chochote.